Somo: Namna ya kupima umbali kati ya lugha yako na ya jirani, kuanzia Tukuyu hadi Njombe

Nilikuwa na miaka tisa nilipopelekwa kwa mara ya kwanza kwa bibi mzaa mama, Njombe. Baba yangu ni Mnyakyusa wa Tukuyu na mama ni Mbena, lakini nyumbani tulizungumza Kinyakyusa na Kiswahili tu. Jioni moja ya mwezi wa sita bibi aliingia jikoni, akausukuma mlango kwa mgongo ukafunga, akainama kwenye mafiga, akasugua viganja na kusema: "Imepo!"

Neno hilo sikuwahi kulisikia, na bado nililielewa palepale. Kwetu baridi ni imbepo. Kesho yake bibi akasema avanu akiwa na maana ya watu, nami nikakumbuka kwamba kwetu ni abandu. Imbepo imekuwa imepo, abandu wamekuwa avanu. Mtoto wa miaka tisa nikaona kabisa kwamba bibi hapotezi sauti ovyo, anazipoteza mahali palepale kila siku.

Somo hili linatokana na jikoni kule. Watu wengi wakiulizwa kuhusu Kibena na Kinyakyusa hujibu "zinafanana fanana" na mazungumzo yakaishia hapo. Wengine huhesabu maneno yaliyo sawa kabisa, wakiona ni machache wanasema hizo ni lugha za mbali. Wote wanapitwa na jambo lenyewe. Undugu wa lugha hauko kwenye maneno yaliyo sawa, uko kwenye tofauti zinazojirudia. Ukizijua tofauti hizo unaanza kumsikia jirani yako hata kabla hujakaa chini kujifunza lugha yake.

Kabla hatujaanza: Kinyakyusa kina irabu saba, na zile mbili zinazozidi za Kiswahili huandikwa ɨ na ʉ. Hapa nitaandika i na u za kawaida ili kila mtu asome kwenye simu yake bila shida.

Hatua ya kwanza: kusanya maneno ya nyumbani

Chukua daftari, tafuta mzee anayekaa kijijini, na umwombe maneno kama mia moja. Mia moja yanatosha. Mmarekani Morris Swadesh alipotengeneza orodha yake maarufu ya kulinganisha lugha alifikia maneno 100. Yawe maneno ya mwili, ya jamaa, ya hali ya hewa, ya wanyama, ya hesabu ndogo, pamoja na vitendo vya kila siku kama kula, kunywa, kulala, kulia, kufa. Usiandike meza, shule, redio wala kanisa. Hayo yamefika kwetu sote kwa njia moja, kwa hiyo yatakudanganya kuwa lugha zote ni moja.

Mwache mzee aseme neno lote kama anavyolisema. Ukimrekodi kwa simu, omba ruhusa kwanza.

Hatua ya pili: menya neno

Neno la huku kwetu huja na ganda. Umundu ina u ya mbele, halafu mu ya ngeli, halafu kiini chenyewe ambacho ni ndu. Mtu wa Kiswahili hana ile irabu ya mbele, ndiyo maana akisikia umundu anadhani ni neno geni. Menya ganda, ubaki na kiini. Usilitupe lakini, kwa sababu lenyewe lina habari: ngeli ya vitu ni vi kwa Kiswahili, ila ni fi kwa Kinyakyusa na kwa Kibena pia. Ifindu na ifinu ni vitu vilevile.

Hatua ya tatu: panga safu, tafuta kinachojirudia

Hapa ndipo penye kazi, msiwe na haraka. Andika Kiswahili, Kinyakyusa na Kibena katika safu tatu, kisha soma kwa sauti.

mtu, umundu, umunu
kitu, ikindu, ikinu
pepo (upepo, baridi), imbepo, imepo

Mmeona? Zamani sana, katika lugha mama ya hizi zote, kulikuwa na sauti mbili zilizoandamana, ya puani na ya mdomoni: nt na mp. Kiswahili kikaiacha ile ya puani, tukabaki na t na p. Kinyakyusa kikazishika zote mbili lakini kikailainisha ya pili, nt ikawa nd na mp ikawa mb. Kibena kikafanya kinyume cha Kiswahili: kikabaki na ya puani peke yake, n na m. Kihehe nacho ni hivyohivyo, Mhehe pia anasema munu na vanu. Ukivuka kwenda kwa Wanyiha, Mbozi, unakuta muntu, nt imesimama kama ilivyokuwa. Kiini hiki cha ntu ndicho Mjerumani Wilhelm Bleek alichokitumia katika karne ya 19 kuiita familia nzima ya lugha zetu Kibantu.

Sasa tazama safu nyingine:

wana, abana, avana
wawili, babili, vavili
watu, abandu, avanu

Penye b ya Mnyakyusa, Mbena ana v na Mswahili ana w. Ukishaijua hii, nusu ya ukungu inaondoka. Na kuna ya tatu ambayo ni ya Kiswahili zaidi: Kiswahili kimedondosha l katikati ya maneno mengi. Njaa ni injala, mvua ni ifula, kulia ni ukulila. Nikiwa shuleni nilikuwa nadhani Kiswahili ndicho neno kamili na cha kwetu kimeongezwa kitu. Ni kinyume chake. L ilikuwapo tangu mwanzo, na bibi zetu ndio walioitunza.

Vitenzi navyo vina yao. Kulala ni ukugona kwa Kinyakyusa, na kiini gona utakikuta hata Ubena na Uhehe. Kikipata mwisho wa ile kinakuwa jambo lililokwisha kutendeka: agonile, amelala. Kiswahili cha leo hakina huo mwisho tena, ingawa anayesoma mashairi ya kale ya Lamu hukutana nao.

Hatua ya nne: bashiri, kisha ukahakiki

Hii ndiyo hatua inayotenganisha anayefahamu na anayekisia. Kuku kwa Kinyakyusa ni inguku: k ya Kiswahili imekutana na ng, sawa na t ilivyokutana na nd. Kwa mwendo huo Kibena kingetakiwa kusemaje? Andika jibu lako kwanza, kisha mwulize Mbena. Ukipata, kanuni yako inafanya kazi. Ukikosa, usimwambie mzee kwamba amekosea lugha yake! Jiulize kama neno limeazimwa kwa jirani au kama kanuni yako inahitaji marekebisho.

Kuna maneno ambayo kanuni haziyafikii kabisa. Tatu ni tatu kwa Mnyakyusa na datu kwa Mhehe na Mbena, zinasikika ni ndugu. Lakini nne, ambayo kwa Mnyakyusa ni na, kwa Mhehe ni tayi. Mtawala wa jadi kwa Wanyakyusa ni Malafyale, kwa Wahehe ni Mtwa, cheo alichokuwa nacho Mkwawa. Hapo hakuna cha kubashiri, kuna kujifunza tu.

Hatua ya tano: pima kwa hadithi, usipime kwa "umeelewa?"

Orodha ya maneno inakuonyesha undugu. Haikuonyeshi kama watu wanaelewana. Kwa hilo unahitaji hadithi.

Mrekodi mtu akisimulia jambo lililomtokea, dakika mbili au tatu, kwa mwendo wake wa kawaida. Andaa maswali kumi: nani alikwenda, alibeba nini, walikutana wapi, mwisho ilikuwaje. Mpigie rekodi hiyo msikilizaji ambaye hajawahi kuishi na wenye lugha hiyo, kisha muulize kwa lugha yake mwenyewe.

Jaribio langu la kwanza lilikuwa Uyole, kwa hadithi ya Kibena kuhusu ng'ombe aliyepotea. Mzee mmoja wa Kinyakyusa alisikiliza kwa utulivu, akitikisa kichwa kukubali. Nikamwuliza kama ameelewa, akasema, "Yote, mwanangu." Nikamwuliza ni mnyama gani aliyepotea. Akanyamaza, kisha akasema kwa upole kwamba msimulizi anazungumza vizuri sana. Hakunidanganya. Alikuwa ananiheshimu mimi na yule aliyesimulia, kama mzee wa kwetu anavyofanya kwa mgeni. Kosa lilikuwa la swali langu. Tangu siku hiyo siulizi tena "umeelewa?".

Hatua ya sita: geuza upande

Rudia yote kinyumenyume, Mbena asikilize Kinyakyusa. Matokeo hayalingani karibu kila mara, na sababu zake zitajitokeza kwenye maswali hapa chini.

Maswali ya wanachama wa kikundi chetu

*Mwanachama wa Kyela: Shikamoo mwalimu. Sisi tukivuka mto Songwe kwenda Karonga, Malawi, tunaongea na Wangonde bila mkalimani. Hiyo ni lugha moja au mbili?*

Marahaba. Kwa kipimo cha hadithi mngepata karibu alama zote, pande zote mbili. Mwaka 1948 Mwingereza Malcolm Guthrie alipozipanga lugha za Kibantu kwa herufi na namba, aliwaweka Wanyakyusa na Wangonde katika kundi moja, M30. Mto ulikuja kuwa mpaka wa nchi, kukawa na majina mawili. Wao wana mtawala wao wa jadi, Kyungu, ninyi mna Malafyale wenu. Mtakachokiona zaidi ni maneno ya kuazima: ninyi mnachota kwenye Kiswahili, wao wanachota kwenye Kiingereza na Chichewa. Kuiita lugha moja au mbili si kazi ya masikio peke yake, ni pamoja na watu wenyewe wanavyojiita, na mimi siwezi kumvua mtu jina lake.

*Mwanachama wa Ileje: Mimi ni Mndali. Kinyakyusa nakielewa chote, ila Mnyakyusa nikimwongelesha Kindali anabaki kunitazama. Je, Kindali ni mtoto wa Kinyakyusa?*

Hapana, na naomba usikubali kuambiwa hivyo. Ni ndugu. Wamisionari wa Moravian na wa Kilutheri walifika Unyakyusa mwaka 1891, na Kinyakyusa kikawa lugha ya ibada hata kwa majirani. Ongeza soko na barabara ya Tukuyu. Mndali amekisikia Kinyakyusa tangu utotoni, ila Mnyakyusa wa Mwakaleli hana siku aliyolazimika kusikia Kindali. Zaidi ya hayo, Kindali kimetunza toni, ile kupanda na kushuka kwa sauti, wakati Kinyakyusa kimeipoteza, kama Kiswahili. Sikio lisiloizoea toni huchoka haraka. Ulaya nako kuna jambo kama hili: Mreno humwelewa Mhispania kwa urahisi kuliko Mhispania anavyomwelewa Mreno, kwa kuwa Kireno cha Ureno humeza irabu nyingi. Hakuna anayesema Kireno ni mtoto wa Kihispania.

*Mwanachama wa Iringa mjini: Nimeona Kihehe ni G62 na Kibena ni G63. Kiswahili nacho ni G42. Kwa hiyo Kiswahili ni jirani yetu wa karibu?*

Namba za Guthrie ni kama anwani ya nyumba: zinakusaidia kufika, hazikuambii wenye nyumba wanaongeaje. G60 ni kundi la kweli la jamaa: Wasangu, Wahehe, Wabena, Wapangwa, Wakinga, Wawanji na Wakisi. Herufi G peke yake ni eneo pana mno. Mpeleke Unguja mtu anayejua Kihehe tu, hatapata chakula kwa kutegemea herufi G.

*Mwanachama wa Mwanjelwa: Kaka, Wasafwa ndio wenyeji wa hapa Mbeya na wamepakana na Wanyakyusa. Mbona hawaelewani?*

Kupakana si kuzaliwa pamoja. Kisafwa undugu wake unaelekea magharibi, kwa Wamalila na Wanyiha, na ndiyo maana nacho kina muntu yenye nt yake kamili. Katikati kuna Milima ya Uporoto. Wamekutana sana sokoni, na sokoni siku hizi watu wanaongea Kiswahili.

*Dada wa Njombe: Nimeolewa Rungwe, mwezi wa pili sasa. Mama mkwe anaongea Kinyakyusa tu. Nianze na lipi?*

Hongera dada. Anza na nyumbani: kwenu mnasema kukaye, yeye anasema kukaja. Ile y yenu imekuwa j, hapo tayari una kanuni ya kwanza. Kwenu salamu ya asubuhi ni kamwene; yeye akikwambia ugonile, kiini chake ni gona unayoijua tangu utotoni, basi mwitikie ndaga, ambayo pia ndiyo asante. Kila b yake ijaribu kwa v yako, kila nd kwa n. Akisema mbombo ngafu, usitafute bomba la maji. Kwa Kinyakyusa ukubomba ni kufanya kazi, anakwambia kazi ni ngumu. Ukimkuta ana mkungu wa ndizi mbele yake na kisu mkononi, vuta kigoda umenye naye.