Baiskeli na Upepo Mkali Nairobi: Amua Mapema Utashukia Wapi

Dhoruba ya Nairobi mara nyingi haianzi na mvua. Joto la alasiri hukatika ghafla, hewa baridi hukupiga kifuani, vumbi huinuka kando ya barabara, na miavuli ya mawakala wa M-Pesa huanza kubingirika kuelekea kwenye magari. Hewa hiyo ni ile iliyoporomoka pamoja na mvua kutoka kwenye wingu la radi. Ikigonga ardhi haina pa kwenda ila kusambaa pande zote, na huweza kuitangulia mvua yenyewe kwa kilomita kadhaa. Ndiyo maana mwendesha baiskeli aliyeko Embakasi anaweza kuyumbishwa na dhoruba ambayo matone yake bado yanaanguka South C. Tangu hewa igeuke baridi hadi upepo ushike nguvu zake zote, huwa una dakika chache tu, na dakika hizo hazitoshi kuanza kufikiri. Kwa hiyo matayarisho muhimu kuliko yote hufanywa nyumbani: kuamua ni upepo wa kiasi gani utakaokushusha kwenye baiskeli, na utashukia wapi.

Kupima upepo kabla ya kutoka

Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa ya Kenya, ambayo makao yake yako Dagoretti Corner kwenye Barabara ya Ngong, hutoa tahadhari ya upepo mkali, na katika tahadhari hizo mara nyingi utasikia ukitajwa upepo unaozidi noti 25. Hicho ni kipimo cha mabaharia, na noti 25 ni takriban kilomita 46 kwa saa. Utabiri wa kawaida kwenye simu hukuonyesha wastani wa upepo, lakini kinachomwangusha mtu ni ule mvumo wa ghafla unaouzidi wastani huo kwa mbali, kwa hiyo ukiona namba mbili za upepo, amini iliyo kubwa.

Usipokuwa na simu yenye chaji, tazama miti. Katika kipimo alichokiweka Francis Beaufort, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, mwaka 1805, ambacho baadaye kilirekebishwa kwa matumizi ya nchi kavu na bado kinatumika, miti midogo yenye majani ikianza kuyumba yote, upepo uko kati ya kilomita 29 na 38 kwa saa. Matawi makubwa yakitikisika na miavuli ikawashinda wenyewe, umefika kati ya 39 na 49. Mti mzima ukiyumba na mwenda kwa miguu akitaabika kuukabili upepo, umepita 50. Ni vyema kukumbuka pia kwamba msukumo wa upepo hauongezeki sawa na kasi yake: kasi ikiongezeka maradufu, msukumo huongezeka mara nne. Upepo wa kilomita 40 kwa hiyo hauwezi kuhesabiwa kuwa ni ule wa 20 uliochangamka kidogo.

Mpaka wangu mimi, ninayeendesha baiskeli ya kawaida nikiwa na mkoba mmoja, ni matawi makubwa. Yakianza kutikisika, ninashuka. Mtu mwepesi au mwenye shehena aweke mpaka wake chini ya hapo, wala asione haya. Nauli ya matatu ni nafuu kuliko kufungwa plasta mkononi.

Saa nazo zina uzito wake. Katika masika, Machi hadi Mei, na katika vuli, Oktoba hadi Desemba, mawingu ya radi hujengeka kwa joto la mchana na kupasuka alasiri au jioni, yaani wakati ule ule watu wanapotoka kazini. Asubuhi aghalabu huwa na utulivu, na utulivu huo huwahadaa wengi, kwani mtu hufika kazini bila taabu akadhani na kurudi kutakuwa vivyo hivyo. Ikiwa tahadhari imetolewa, panga safari ya kurudi kwanza, ndipo upange ya kwenda. Uliza kama kuna mahali pa kuiacha baiskeli kazini usiku kucha, na uhakikishe kwamba nauli ya kurudi unayo. Wanaopanda Ngong au Kona Baridi siku za Jumapili wajue kwamba KenGen hawakusimamisha mitambo ya kufua umeme kwa upepo kwenye vilima vile kwa ajili ya mandhari.

Baiskeli na mzigo wake

Kuhusu baiskeli yenyewe sina mengi. Kagua raba za breki, kwa sababu upepo ukikusukuma kutoka nyuma utajikuta ukienda kasi kuliko ulivyokusudia. Shika breki ya mbele kisha usukume usukani mbele na nyuma: ukisikia kitu kikigonga shingoni, beringi zimelegea, na usukani uliolegea katika upepo wa ubavuni haushikiki. Washa taa za mbele na nyuma hata mchana, kwa kuwa vumbi na mvua humficha mwendeshaji mbele ya macho ya dereva. Black Mamba, ile baiskeli nzito ya chuma, hutulia kuliko baiskeli nyepesi za mashindano, ingawa huyanyoosha mabega ya mwendeshaji yakawa kama tanga.

Mzigo ndio wa kuzungumzia. Upepo haujali uzito wa kitu, hujali ukubwa wa uso wake. Mitungi miwili iliyojaa maji, ikining'inia chini pande zote mbili za keria, huituliza baiskeli. Mitungi kumi mitupu iliyofungwa kwa blada, yaani ukanda wa mpira, ikawa rundo refu kuliko kichwa cha mwendeshaji ndiyo mzigo mbaya kuliko yote, na cha kusikitisha ni kwamba ndio mzigo ambao mtu huudharau kwa sababu ni mwepesi. Vivyo hivyo godoro, trei tupu za mayai, na lile sanduku la mikate lenye ubavu mpana. Siku ya tahadhari, gawa mzigo wa namna hiyo safari mbili za asubuhi, au uulaze ili upana wake utazame juu badala ya kutazama ubavuni. Ukimaliza kufunga, ushike kwa mikono miwili na uutikise kwa nguvu. Ukicheza hata kidogo ilhali baiskeli imesimama, barabarani utaondoka. Ncha za blada zisiachwe zikipeperuka, kwa maana zikishikwa na spoki gurudumu la nyuma hujifunga papo hapo. Kikapu cha mbele kitoe kabisa, kwani chochote kinachoshikwa na upepo mbele huugeuza usukani moja kwa moja.

Mavazi yafuate kanuni hiyo hiyo. Lile koti pana la mvua linalovaliwa kwa kupitisha kichwa, ambalo hutufaa sana katika mvua tulivu, siku ya dhoruba hujaa upepo na kukufunika uso. Vaa jaketi linalokubana, reflekta juu yake ikiwa imefungwa zipu, na helmeti ambayo mkanda wake hauruhusu zaidi ya vidole viwili kupita chini ya kidevu. Miwani safi ya kukinga vumbi ni ya lazima. Mtu aliyeingiwa na mchanga machoni huku akiendesha kwa mkono mmoja na kujipikicha kwa mwingine hajui anakoelekea.

Barabarani

Mabaharia wa pwani wana maneno mawili ambayo sisi wa bara tungefaidika kuyaazima: goshini ni upande upepo unakotoka, na demani ni upande unakoelekea. Ukiwa barabarani jiulize kila mara goshini ni wapi, kwa sababu hatari hubadilika kulingana na jibu. Upepo wa mbele huchosha tu. Punguza gia, inama, ukubali kwamba utachelewa. Upepo wa nyuma hukupa kasi usiyoiomba. Upepo wa ubavuni ndio unaoua, na hasa unapotoka kulia.

Nililijua hilo alasiri moja ya Aprili kwenye Southern Bypass, nikitoka Mombasa Road kuelekea Lang'ata, mbuga ya wanyama ikiwa kushoto kwangu na hakuna mti wala nyumba ya kunikinga. Upepo ulikuwa ukitoka kulia, nami nilikuwa nimeuegemea kama mtu anayeegemea mlango. Trela likanipita. Kwa kitambo cha kuhesabu moja, mbili, upepo ukazibwa na ubavu wa trela, mlango ukafunguka, na gurudumu langu la mbele likageukia matairi yake. Nilikuwa nimeacha nafasi ya zaidi ya mita moja kati yangu na njia ya magari, na nafasi hiyo yote ikaisha isipokuwa kama upana wa kiganja. Kisha trela likapita, upepo ukarudi kwa nguvu mpya na kunitupa kwenye nyasi upande wa pili, nikaangukia bega. Sikuvunjika popote, lakini niliisukuma baiskeli kilomita mbili zilizofuata bila hamu ya kuipanda.

Tangu siku hiyo nikisikia gari kubwa nyuma yangu wakati upepo unatoka kulia, hufanya mambo matatu kwa mpangilio huu huu: huacha kupiga pedali, hukunja viwiko na kulegeza vidole bila kuachia usukani, na hubana fremu kwa goti moja. Mikono iliyokakamaa hupeleka kila mtikiso wa mwili kwenye gurudumu la mbele, na viwiko vilivyokunjika huumeza. Usijaribu kuushinda upepo kwa kuukata usukani kwa nguvu. Elekeza macho mbali mbele, uache baiskeli iyumbe kidogo chini yako. Ikiwa huna nafasi ya mita moja upande wa kushoto kabla ya mtaro na mita moja upande wa kulia kabla ya magari, mahali hapo si pa kuendesha siku hiyo.

Upepo huwa mbaya pale unapobadilika ghafla: mwisho wa ukuta mrefu, mdomo wa kichochoro, na miguuni pa majengo marefu ya Upper Hill, ambayo huudaka upepo wa juu na kuuteremsha hadi barabarani. Punguza mwendo kabla ya kufika hapo. Kwenye madaraja ya juu ya watembea kwa miguu, kama yale ya Thika Road, shuka na usukume. Njia ya baiskeli iliyotengwa kando ya barabara hiyo hukuepusha na malori, ila haikuepushi na mabango ya matangazo, kwa hiyo usisimame chini yake hata kidogo, awe ni rafiki anayekupigia simu au ni mvua iliyoanza.

Kushuka na kujikinga

Ukishashuka, shika baiskeli ikae goshini, yaani kati yako na upepo. Mvumo ukija utaiegemeza kwenye nyonga yako, nawe utaizuia kwa mwili mzima. Ukiiweka demani utabaki ukivutana nayo kwa vidole, na ikikuponyoka itaruka barabarani.

Mahali pa kujikinga pawe jengo la mawe lenye paa lililofungwa vizuri, kama vile duka, kanisa, msikiti, au ndani ya ofisi ya kituo cha mafuta badala ya chini ya paa lake la nje. Kibanda cha mabati si kinga, kwani bati likichomoka ni panga. Uzio wa mabati wa majengo yanayojengwa, pamoja na jukwaa lake la nguzo, ni vitu vya kupita mbali. Miti nayo ina hila yake katika mji huu uliojaa jakaranda na mikalatusi: mkalatusi huangusha tawi zima bila kutoa onyo, na mwisho wa masika, ardhi ikiwa imelowa kwa wiki nyingi, hata mti ulio mzima huweza kung'oka na mizizi yake. Kukiwa na radi, ndani ya matatu au gari lolote lenye paa la chuma ni salama kuliko chini ya mti, na usitoke mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Mwenye duka aghalabu hatakataa ukimwambia, "Mama, naomba nijikinge hapa kidogo, baiskeli nitaiacha nje." Ilaze chini kabisa mbali na mlango, baiskeli iliyosimamishwa kwa stendi haidumu hata nusu dakika.

Kurudi barabarani

Upepo ukitulia, watu wote hukimbilia nyumbani kwa pamoja, taa za barabarani zikiwa zimezimika na kila dereva akijiona mwenye haki ya kupita kwanza. Katika makutano ya namna hiyo, sukuma baiskeli na uvuke pamoja na watembea kwa miguu. Usipite kwenye maji ambayo huoni chini yake, kwa maana mashimo yasiyo na vifuniko katika mitaa yetu ni mengi, na maji hayatakuonyesha yalipo. Waya ya umeme iliyoanguka ihesabu kuwa ina umeme hata kama mtaa mzima uko gizani. Kaa mbali nayo kwa mita kumi au zaidi, uwazuie watoto, na upige simu Kenya Power kwa nambari 97771. Kwa aliyejeruhiwa, piga 999 au 112.

Ukifika nyumbani, pangusa cheni, uipake mafuta, kisha geuza baiskeli juu chini na uzungushe kila gurudumu polepole ukitazama tairi kwa tochi. Paa lililong'olewa huacha misumari ya mabati barabarani, ile yenye kofia pana, na mara nyingi huingia kwenye tairi bila kutoa upepo mpaka asubuhi. Ukiukuta mmoja usiuchomoe usiku ikiwa huna viraka. Uache hapo hapo hadi fundi afungue, kwa sababu msumari ndio utakaomwonyesha tundu lilipo.