Hadithi kwanza, mwongozo baadaye

Mzazi mwenzangu, mtoto akija na vitabu teule vya fasihi, ufiche mwongozo, kile kijitabu cha uchambuzi, kwanza. Akianzia kwenye maudhui na mbinu za lugha, riwaya humfia mkononi kabla hajajua nani kamtenda nani. Mimi na binti yangu tulisoma yake kwa sauti barazani, hapa Mji wa Kale, Mombasa, baada ya Magharibi, kurasa kumi kumi, bila kalamu. Alinikatiza, akabisha, akamchukia mhusika mmoja kwa dhati! Maswali ya mtihani yalipokuja, majibu alikuwa nayo. Ushairi nao, msomee tungo za Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa wa karne ya 19. Neno likiwatatiza, muulizeni bibi. Kimvita hicho, lahaja ya Mombasa, ni chake.