Jinsi ya kupima tope na mashapo kwenye nduwa, mfereji na bwawa: anza na nondo, mashine baadaye

Nduwa yetu huku Kibosho, yaani bwawa dogo la kukusanyia maji ya mfereji ya kumwagilia, nikiwa darasa la tano maji yalikuwa yananifika kidevuni, mwaka jana tumefungua tuisafishe nikaingia na nondo nikakuta zaidi ya nusu ya kina ni tope, na hakuna hata mtu mmoja kwenye kamati aliyekuwa ameandika popote limeanza kujaa lini. Iliniuma sana. Kwa hiyo naandika hivi kwa yeyote mwenye nduwa, mfereji au bwawa la samaki huku Moshi na Arusha.

Kwanza tuelewane, kuna vitu viwili na watu wanavichanganya. Kuna utope, yaani udongo unaoelea ndani ya maji sasa hivi, alafu kuna mashapo, ule uliokwishatua chini. Maji yanaweza kuwa meupe kabisa Januari na bwawa limejaa mashapo, so pima vyote viwili.

Tuanze na mashapo maana hapo hela haihitajiki nyingi. Chukua nondo ya milimita 12, ichore rangi kila sentimita 10, alafu mti mwingine mnyoofu nao uchore hivohivo, chini yake upigilie sahani ya bati ya upana kama wa kiganja kilichofunguliwa. Ule wa sahani unaushusha taratibu mpaka utue juu ya tope, usiusukume, soma. Nondo unaisukuma hapohapo mpaka igonge chini pagumu, utaisikia mkononi kabisa inabadilika, tope linateleza kama siagi alafu ghafla inakwama, soma. Tofauti ya hizo mbili ndo unene wa mashapo. Ukitumia jiwe na kamba peke yake utadanganyika kwa sababu jiwe linazama kwenye tope laini na wewe unadhani bado ni maji.

Vuta kamba ya nailoni toka ukingo mpaka ukingo (ya katani ikilowa urefu wake unabadilika), weka fundo kila mita 2 na upime kwenye kila fundo, alafu sogeza kamba. Kina cha maji kinapanda na kushuka, hivyo chora alama moja ya kudumu kwenye zege la mlango wa kutolea maji na kila siku ya kupima andika maji yako wapi kwenye hiyo alama. Hesabu yake nyepesi: nduwa ya mita 20 kwa 15 ina eneo la mita 300 za mraba, wastani wa tope ukiwa sentimita 40 hiyo ni mita za ujazo 120, yaani lita 120,000 za maji ya kumwagilia ambazo huna tena. Hesabu kama hiyo ukiisoma kwenye kikao watu wanatoka na majembe.

Sasa utope. Kwenye bwawa lenye kina tumia sahani ya Secchi, padre Angelo Secchi wa Italia aliijaribu baharini mwaka 1865 na mpaka leo inatumika: sahani ya sentimita 20, robo nyeusi robo nyeupe, uzito chini, kamba yenye alama. Shusha upande wa kivuli kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, vua miwani ya jua, andika inapopotea, ivute taratibu andika inapoonekana tena, chukua wastani. Kwenye mfereji hakuna kina, hapo tumia bomba la plastiki linaloonyesha, chini umeziba na alama ya msalaba mweusi, unamimina maji huku ukichungulia toka juu mpaka msalaba upotee, unasoma urefu wa maji.

Ila hapa ndo wengi tunakosea na mimi nilikosea miaka miwili: nilikuwa napima kila Jumamosi asubuhi. Tope haliji Jumamosi bana! Linakuja kwenye masaa machache ya mvua kubwa ya masika, mara nyingi usiku, ukifika asubuhi mzigo umeshapita na umeshatua kwenye nduwa. Dawa yake ni chupa zinazojijaza zenyewe. Chukua chupa za maji za nusu lita, toboa kifuniko matundu mawili, pitisha mipira myembamba ya dripu, ziba kwa silikoni. Mpira mmoja ukunje kwa nje kama shingo ya bata, ncha ya ndani ifike karibu na kitako cha chupa, huo unaingiza maji. Wa pili uishie chini ya kifuniko tu na kwa nje upande juu zaidi, unatoa hewa. Funga chupa kwenye chuma pale banioni, yaani pale maji ya mto yanapoingizwa mferejini, sentimita 20, 40 na 60 juu ya maji ya kawaida. Maji yakipanda usiku kila chupa inajaza yakifika shingo yake, wewe umelala. Asubuhi unabandika tarehe, unaacha zitulie, unaona tope la kila kimo.

Mkiwa na hela nunueni mita ya NTU, hicho ni kipimo cha utope wa maji. Inapiga mwanga na kusoma unaotawanyika pembeni kwa nyuzi 90. Kichupa chake kifute kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, usishike kioo kwa vidole, geuza maji usitikise maana mapovu yanasomeka kama tope, na uikalibreti, yaani uisawazishe, kwa maji yake maalum yenye NTU inayojulikana. Kwa maji ya kunywa ya klorini WHO wanataka chini ya 1, miradi midogo isizidi 5. Ila NTU sio kilo za udongo. Mchanga mzito mita inauona kidogo, udongo wetu mwekundu inauona sana, so peleka sampuli kadhaa maabara wachuje, wakaushe kwa nyuzi 105 na wapime uzito, ndo utajua NTU za mto wako ni gramu ngapi. Sensa za kuacha majini nazo zinaota utelezi wa kijani kwenye kioo na namba zinapanda zenyewe, safisha kila wiki.

Bwawa kubwa kama Nyumba ya Mungu, ambako mito ya Kikuletwa na Ruvu inamwaga, nondo haifai, pale ni boti na ekosaunda, yaani kifaa kinachopima kina kwa kutuma sauti chini na kusikiliza mwangwi wake. Masafa ya kilohezi 200 yanarudi toka juu ya tope laini, ya chini kama 30 yanapenya zaidi, ukiwa na yote mawili umepata unene. Kabla ya kuanza ning'iniza bati mita 2 chini ya hiyo ekosaunda uone kama inasoma 2.

Nendeni wawili, vaeni jaketi za kuokolea, na huku tambarare msiingie miguu mitupu, kichocho kipo. Duru ya kwanza pimeni Februari kabla ya masika, ya pili Juni, mafundo yaleyale ya kamba.