Somo: Kumpata kocha wa mazoezi Kampala bila kutupa pesa

Kila wiki naulizwa "nipatie kocha mzuri". Naandika hapa mara moja. Akiuliza mwingine, mwelekezeni huku.

1. Jua shida yako: kupunguza mwili, kujenga misuli au kurudisha nguvu baada ya kujifungua.

2. Fikiria foleni. Unakaa Mukono, kocha yuko Kololo? Utaacha upesi.

3. Omba cheti. Vya ACE na NASM, mashirika ya Marekani yanayotoa vyeti vya makocha, huhuishwa kila miaka 2 na huhakikiwa mtandaoni. Aliyesomea michezo Chuo Kikuu cha Kyambogo naye msikilize. Kifua kipana si cheti.

4. Fanya naye kipindi kimoja cha majaribio. Hapa ndipo watu wanaumizwa, msiharakishe. Kabla hujagusa chuma, akuulize habari za presha, sukari, moyo, mgongo, magoti, ujauzito na dawa unazomeza. Asipouliza, ondoka, hata kama boda ameshaondoka. Ukichuchumaa na chuma, tazama amesimama wapi: ubavuni pako akiangalia goti na mgongo, au kwenye simu? Ukimwambia goti linauma, apunguze uzito au abadilishe zoezi. Akijibu "kaza roho", basi huyo hakufai. Na kutapika siku ya kwanza si dalili ya kocha hodari! Mwili uliozoea kukaa ukisukumwa kupita kiasi, misuli huharibika na mabaki yake huumiza figo. Mkojo ukigeuka rangi ya kola, nenda hospitali siku hiyohiyo.

5. Lipa mwezi kwa mwezi, kwa simu, ushahidi ubaki.

MASWALI

Mdau wa Ntinda: Mkuu, nitumie namba ya kocha wa bei nafuu.
— Sigawi namba. Soma hatua ya 4.

Mdau wa Makindye: Wangu ameniahidi nitapungua kilo 10 kwa wiki mbili.
— Usimlipe. Mwendo salama ni nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki.

Mdau wa Mbarara: Kwa hiyo bila cheti cha Wazungu mtu si kocha?
— Nimetaja Kyambogo, ndugu. Soma kwanza.

Dada wa Jinja: Mama ana miaka 63 na anameza dawa za presha. Anaweza kunyanyua vyuma?
— Umeuliza vizuri, dada. Daktari wake akikubali, anaweza. Aanze kwa kuketi na kuinuka kitini, kisha chupa za maji mikononi. Asibane pumzi anaponyanyua, maana presha hupanda ghafla. Atoe pumzi anaposukuma. Akilala sakafuni ainuke taratibu, dawa nyingine za presha huleta kizunguzungu. Shirika la Afya Duniani linashauri mazoezi ya misuli angalau siku 2 kwa wiki, na wazee wamo. Ukimpatia kocha, nenda na mama siku ya kwanza.

Dada wa Jinja: Asante sana kaka. Na katogo asubuhi kabla ya mazoezi?
— Katogo, yaani matoke yaliyopikwa pamoja na nyama au maharage, ni zito, akila asubiri saa mbili au tatu kwanza. Akiwa na haraka, bogoya (ndizi mbivu) moja inatosha, katogo ale akirudi.