Kabla wageni hawajashuka uwanja wa ndege wa Manda: Kiingereza cha mwendo cha kujipanga nacho

Kama uko Lamu na msimu huu unataka kushika kazi ya boti, au kutembeza wageni, au hata kukaa risepsheni ya gesti, basi kabla hujahangaika na tishati mpya keti kwanza na Kiingereza cha mwendo, manake hapo ndipo vijana wengi wazuri wanakwama. Sizungumzii sarufi ya mtihani, nazungumzia vile vitenzi vya maneno mawili, get on, set off, pick up, mgeni anavitoa mbio mbio bila hata kufikiria.

La kwanza kabisa zoesha sikio. Sisi tukisema panda, shuka, ingia, toka, vuka, rudi, neno moja limemaliza kila kitu, lakini Mwingereza mara nyingi anaanza na go au come au get tu, na anakokwenda utakujua kwa kale kaneno ka nyuma: go up, go down, go in, go out, go across, go back. Hata akibadilisha mwanzo akasema swim across au sail across, mmoja kavuka kwa kuogelea mwengine kavuka kwa tanga, ukishika across umeshajua kavuka. Kwa hivyo sikiliza mwisho.

Halafu vyombo. Ndege, jahazi, basi la Mombasa pale Mokowe, punda, bodaboda, vyote ni get on, na kushuka ni get off. Gari dogo ni get in, kushuka get out, na mtumbwi pia mtu anaingia, get in. Ile alight ya shuleni mgeni ataielewa ila usingoje kuisikia mdomoni mwake.

Kumpokea mtu uwanja wa ndege Kenya nzima tunasema I'll pick you, naomba tuongeze up: I'll pick you up. Na me, you, them zinakaa katikati, pick them up, sio pick up them. Kurudi ni come back au return, chagua moja, return back achana nayo. Na saa pia jamani, we set off at ten ni tunang'oa nanga saa nne, hakikisha mumeelewana kabla hamjalala.

Sasa bahari, na hapa nawasihi musome sawasawa. Maji yakijaa the tide is coming in, yakipwa it's going out. Ukiwa umepeleka watu magofu ya Takwa unajua ule mkono wa bahari wa kwenye mikoko hauna subira, maji yakishatoka chombo hakipiti, na mgeni bado anataka kupiga picha, lazima uweze kumwambia kwa upole na kwa uhakika, we have to head back before the tide goes out. Mgeni akielewa sababu anainuka mwenyewe, asipoelewa anadhani unamharakisha ukachukue wateja wengine.

Usalama ndio usikose kabisa. Tanga likigeuzwa unataka watu wainame, sema get down, na wakitakiwa kusogea upande wa pili sema move over to the other side. Hold on ina mambo mawili, ngoja kidogo na shika usianguke, kwa hivyo chomboni onyesha kwa mkono kabisa, hold on to this. Na ukipiga hadithi za bahari chunga, the boat went down mgeni anasikia chombo kilizama, na we ran into another boat anaweza kusikia mumegongana kumbe wewe ulimaanisha mulikutana tu njiani. Sema we met another boat. Haya fanyeni mazoezi ndani ya chombo chenyewe, mmoja akae usukani, mwengine ajifanye mgeni asiyejua Kiswahili hata neno, atii kile tu alichoambiwa kwa Kiingereza, na mufanye upepo ukiwa upo, sio mukiwa mumetia nanga.