Somo: kuingia pangoni peke yako

Mvua ya Novemba ikishanyesha, njia ya kupanda kwetu Kadutu, hapa Bukavu, inakuwa sabuni. Hakuna rafiki atakayepanda kuja kucheza, na mimi siteremki. Ndivyo matope yalivyonifundisha kucheza peke yangu mchezo wa kijitabu chetu, ule wa kuongoza msafara wa watu wa kubuni pangoni kwa dadu, karatasi na masimulizi. Jumapili nilipowaambia wenzangu wa kikundi, yaya mmoja (mkubwa wetu) alicheka: "Wewe ndiye unaficha, wewe ndiye unatafuta. Utashangazwa na nini?" Alikuwa na haki. Mwezi wangu wa kwanza wa kucheza hivyo sikushangazwa na chochote, kwa sababu nilikuwa najidanganya, na hilo nitalieleza kwenye hatua ya tano. Mwenye haraka aruke moja kwa moja huko.

Kwa wasiokijua kijitabu chenyewe: ni kurasa 28 za fotokopi, zimetoka kwenye flashi ya rafiki, na aliyekitunga hakuandika hata jina lake. Ni mpenzi tu aliyejiandikia mchezo. Lakini mifupa yake inajulikana. Ni ya Dungeons & Dragons, mchezo wa Gary Gygax na Dave Arneson uliotoka Marekani mwaka 1974, hasa sheria zake za wanaoanza za mwaka 1981. Mwaka 2000 kampuni iliyokuwa na mchezo huo iliachilia sehemu ya sheria kwa leseni ya wazi, na kuanzia 2006 wapenzi wakaanza kuitumia kufufua zile za zamani, moja baada ya nyingine. Hiki chetu ni mjukuu wa hiyo mbegu. Na kucheza peke yako si uvumbuzi wa Bukavu: mwaka 1975 toleo la kwanza la jarida la wenye mchezo lilikuwa tayari na majedwali ya kujichorea pango kwa dadu.

Hatua ya 1: dadu

Kijitabu kinataka dadu ya pande 20. Soko la Kadutu lina dadu za ludo, pande sita, basi. Usikate tamaa, fanya hivi. Rusha dadu ya kwanza usome 1 hadi 5. Ikija 6, irushe tena. Rusha ya pili: ikiwa shufwa (2, 4, 6) ongeza 5, ikiwa witiri usiongeze kitu. Rusha ya tatu: shufwa, ongeza 10. Mfano: 3, halafu 4, halafu 1. Tatu na tano ni nane, hakuna kumi, jibu ni 8. Kila namba kutoka 1 hadi 20 ina nafasi sawa kabisa. Ukiwa na dadu moja, irushe mara tatu kwa mpangilio huo. Mimi nina tatu. Moja nimeipaka pembe zake rangi ya kucha ya dada yangu nijue ndiyo ya kwanza, na dada hajui bado.

Njia ya pili ni vikaratasi 20 vyenye namba ndani ya kopo. Usione haya. Mwaka 1979 kampuni yenyewe iliishiwa dadu, ikawa inauza masanduku ya mchezo yenye vipande vya karatasi ngumu vya kukata na kuchomoa.

Hatua ya 2: msafara

Usiingie na mtu mmoja. Sheria hizi hazina huruma: mpiganaji wa ngazi ya kwanza anapata nukta za uhai kwa dadu moja tu, mchawi anapata 1 hadi 4, na kuhani wa ngazi ya kwanza hana dua hata moja. Tengeneza watu wanne. Kila mmoja mrushie dadu tatu mara sita, uandike kwa mpangilio zilivyokuja: nguvu, akili, busara, wepesi, uimara, mvuto. Usihamishe namba. Mpiganaji wangu, Bahati, alitoka na nguvu 15 na uhai 2. Simba mwenye maisha ya panzi. Nikamweka nyuma abebe mwenge, na mpaka leo ndiye mzee wa msafara.

Hatua ya 3: ramani

Chukua kaye (daftari) ya hesabu, ile yenye vijumba. Kijumba kimoja ni futi 10. Chora chumba cha kwanza tu. Vingine vitajichora unapofungua milango, kwa majedwali ya ukurasa wa 19 wa kijitabu.

Kila chumba kipya rusha dadu moja: 1 au 2 kuna kiumbe, 3 kuna mtego, 4 kuna kitu cha ajabu, 5 au 6 ni kitupu. Halafu rusha ya hazina. Penye kiumbe hazina ipo ukipata 1 hadi 3, penye mtego 1 au 2, penye kitupu 1 peke yake. Ndiyo, theluthi moja ya vyumba ni vitupu. Viache hivyo. Nilipokuwa najaza kila chumba pango langu lilikuwa soko.

Hatua ya 4: saa

Zamu moja ni dakika 10 za pangoni. Mwenge unawaka zamu sita, yaani saa moja. Kwa kila mwenge chora vijumba sita pembeni ya ukurasa, ufute kimoja kila zamu. Kila baada ya zamu mbili rusha dadu: ikija 1, kuna kitu kinatembea kuja kwenu. Ukisahau hesabu hii huna mchezo, una matembezi. Umeme ukikatika, mimi nacheza kwa mshumaa, na mshumaa ukiisha kabla ya mwenge wa pangoni nalala.

Hatua ya 5: swali

Sasa tumefika. Kijitabu kinasema msimulizi, yule anayewaongozea wenzake mchezo, anajua yote. Wewe huna msimulizi, kwa hiyo unauliza dadu maswali ya ndiyo au hapana:

1: hapana, tena vibaya kuliko ulivyoogopa
2: hapana
3: hapana, lakini kuna kitu
4: ndiyo, lakini kuna kasoro
5: ndiyo
6: ndiyo, na zaidi

Jedwali ni hilo tu. Ugumu uko kwako. Mwezi ule wa kwanza nilikuwa nauliza kichwani. "Kuna hazina?" Dadu inasema 2. Moyo unasema, ah, sikuwa nimeuliza vizuri, nilimaanisha chini ya jiwe. Narusha tena. 3. Nilimaanisha nyuma ya jiwe. Mpaka 6 ije. Usiku mmoja msafara wangu ulitoka na dhahabu 4,000 na nikaona uvivu hata wa kuzihesabu. Nikararua kurasa zile nikawashia mbabula, jiko letu la makaa.

Tangu hapo nina sheria moja ambayo haimo kijitabuni: swali linaandikwa kwa biki kwenye kaye, na alama yake ya kuuliza, kabla dadu haijaondoka mkononi. Biki, si kreyo (penseli). Likiandikwa, halirudiwi. Na kabla ya kurusha jiulize kama unaweza kuishi na majibu yote mawili. Kama huwezi, lifute, uamue mwenyewe bila kuisumbua dadu. Maswali matatu kwa chumba yanatosha.

Ngoja niwaonyeshe ilivyo. Chumba cha tatu, mwenge umebaki na vijumba vinne. Dadu ya zamu ilikuja 1, jedwali likanipa mtu mmoja, mzee. Nilitaka awe mfungwa, nilikuwa nimeshampenda. Niliandika: "Je, ni mfungwa aliyetoroka?" Dadu ikatoa 3. Hapana, lakini kuna kitu. Nilikaa na biki mdomoni dakika nzima. Si mfungwa, lakini ana kitu cha mfungwa. Basi ana mnyororo mguuni. Sawa, na kama si mfungwa, nani kamfunga? Nikaandika: "Je, ufunguo anao mwenyewe?" 5. Ndiyo. Mnyororo mguuni, ufunguo wake shingoni kwa kamba, na hafungui.

Mimi sikumtunga mzee huyo, na dadu peke yake isingemtunga. Yaya wangu wa Jumapili, jibu lako ni hilo.

Hatua ya 6: wao nao wana akili

Kosa la wengi wanaocheza peke yao ni kudhani kila kiumbe kinataka kupigana. Ukikutana na chochote chenye akili, rusha dadu mbili ujumlishe. 2 kinashambulia papo hapo. 3 hadi 5 kina uadui. 6 hadi 8 hakijaamua, na hii ndiyo hutokea zaidi, njia 16 kati ya 36. 9 hadi 11 hakishambulii. 12 kinawapenda, Mungu anajua kwa nini.

Vita ikianza, angalia namba ya moyo ya adui, yaani ujasiri wake. Goblini, kijitu kiovu cha pangoni, ana 7. Wa kwanza wao akianguka rusha dadu mbili, na tena nusu yao wakianguka. Ikizidi 7, wanakimbia. Kwa mtu aliye peke yake hii ni dhahabu, maana adui anajiamulia mwenyewe na wewe huna nafasi ya kumwonea wala kumpendelea.

Hatua ya 7: kutoka

Tokeni mkiwa hai. Dhahabu moja iliyofika nje ni nukta moja ya uzoefu. Goblini aliyeuawa ni 5, tena za kugawana. Mpiganaji anahitaji 2,000 kupanda ngazi. Fanya hesabu mwenyewe kama upanga unalipa.

Maswali ya wanachama

Kadogo wa Bagira: Yaya, sina dadu hata moja. Niweke programu ya dadu kwenye telefoni?

Weka kama una mahali pa kuichaji. Mimi ilinizimikia katikati ya vita, nikakaa na goblini watatu gizani mpaka kesho yake. Kata vikaratasi sita, vikunje sawasawa, kopo ulitikise vizuri. Ukiona kimoja kimechakaa unakitambua kwa vidole, kibadilishe. Utajaribiwa.

Mama wa Nguba: Kijana wangu amefotokopi hiki kijitabu. Nimeona mapepo na uchawi ndani. Ni kitu cha Mungu kweli?

Shikamoo mama. Woga huu si wako peke yako. Marekani miaka ya 1980 wazazi na makanisa walipiga kelele hizo hizo juu ya mchezo huu. Mama yangu naye aliuliza. Nilimsomea ukurasa wa bei: kamba, misumari ya chuma, mienge sita, mafuta ya taa, chakula cha wiki. Akasikiliza mpaka mwisho akasema, "Kumbe ni kantini." Kaa naye usiku mmoja, wewe mwenyewe urushe dadu, ndipo uamue. Wewe ndiye mzazi.

Ndugu wa Goma: Wanne wangu wote wamekufa chumba cha pili. Nifute nianze upya?

Pole ndugu. Usifute ramani! Maiti zao ziko pale, na vitu vyao pia. Tengeneza wanne wengine, wape sababu ya kuwatafuta wa kwanza, ingia tena. Wangu wa pili walikuta panga la ndugu yao mikononi mwa goblini. Halafu uniambie ukweli: ulirusha zile dadu mbili za hatua ya 6, au ulichomoa upanga tu?

Ndugu wa Goma: Nilichomoa.

Haya.

Mwalimu wa Ibanda: Jedwali lako la maswali ni nusu kwa nusu. Nikiuliza kama mto una maji, nusu ya mara utakuwa mkavu. Hesabu gani hiyo?

Kweli mwalimu, niliruka hapo. Jambo likielekea kuwa ndiyo, rusha dadu mbili uchukue kubwa. Nafasi ya ndiyo inapanda hadi robo tatu. Likielekea hapana, chukua ndogo, inashuka hadi robo. Ila andika kwanza, pembeni ya swali, kama ni mbili kubwa au mbili ndogo. Na kama jibu unalijua, usiulize. Mto wa mvua una maji.

Da wa Panzi: Kwenye hatua ya 1, ya kwanza ikija 6, narudia zote tatu?

Hapana da, ile ya kwanza tu. Ukirudia zote hesabu haiharibiki, ila unapoteza muda bure.

Kadogo wa Bagira: Yaya, yule mzee alijifunga kwa nini?

Sijui. Swali limeandikwa, ukurasa wa 41 wa kaye: "Je, kuna kitu kinachomtafuta, kisichogusa mtu aliyefungwa?" Sijarusha. Mwenge una vijumba viwili, na Bahati ameanza kuuangalia ule mnyororo kama mtu anayepima mguu wake.