Jinsi ya kuandaa shoo kwa mtindo wa Cockettes kama huna hela

Watu wengi wakisikia dragi, yaani sanaa ya kupanda stejini na mavazi ya jinsia nyingine, wanawaza mashindano ya kwenye TV, wigi la bei mbaya, kiuno kimebanwa, mekapu haina hata doa. Sasa zamani kabla ya hayo yote kulikuwa na The Cockettes wa San Francisco, Marekani, wanaume wenye ndevu zimejaa glita na magauni ya enzi za mabibi zao, wako stejini pamoja na wanawake kama Fayette Hauser, wengine wako nusu uchi, kuna hadi mtoto mchanga, na hakuna aliyekuwa anahangaika kumshawishi mtazamaji kwamba yeye ni mwanamke au ni mwanaume. Walidumu chini ya miaka 3, mwisho wa 1969 mpaka 1972, ila mi naona ndo kundi lenye mengi ya kumfundisha mtu anayetaka kupanda stejini na mfuko mtupu. Nitaeleza walivyofanya na pale walipoharibu, na wewe ufanyeje.

Kwanza kabisa tafuta watu, habari ya skripti iache kwanza. Aliyewaanzisha ni Hibiscus, jina la kuzaliwa George Harris, kijana wa familia ya waigizaji wa New York. Kama ushawahi kuona ile picha ya Bernie Boston ya Oktoba 1967, kijana wa sweta anachomeka maua kwenye mitutu ya bunduki za askari nje ya Pentagon, makao makuu ya jeshi la Marekani, wengi wanasema ndo yeye. Alipohamia San Francisco akaishi kwenye nyumba za pamoja, zile ambazo chakula, nguo na kila kitu ni cha wote, na huko ndo akawapata wenzake, wakawa wanavaa magauni na kujipaka siku za kawaida tu, wakitoka barabarani, wakienda bustanini. Kwa hiyo mavazi yao yalikuwa yameshazoea mwili kabla hayajafika stejini, na hii ni siri kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kusanya watu wanane au kumi mnaopatana, mkutane kwa mtu mmoja kila wikiendi, mvae, mpike, mpige muziki, mcheze. Baada ya mwezi utaona nani anachekesha bila kujilazimisha na nani ana sauti, alafu ndo mpange shoo kutokana na hao mliopo.

Ukumbi usikodi. Wao walianzia Palace Theater, mtaa wa North Beach, sinema ya zamani iliyokuwa inaonyesha filamu za Kichina, usiku wa manane kukawa na programu ya filamu za ajabu ajabu inaitwa Nocturnal Dream Shows, watu tayari wamejaa. Usiku wa tarehe 31 Desemba 1969 wakapanda wakacheza kankan, ile dansi ya Ufaransa ya kurusha miguu na sketi, kwa wimbo wa bendi ya Rolling Stones. Basi. Kipande kimoja tu, na ukumbi ukalipuka. Wewe pia tafuta mahali watu washakusanyika kwa jambo lao, usiku wa mashairi, bendi ya mwisho wa mwezi, omba dakika kumi na mzifanye ziwe dakika kumi kweli, wakitaka zaidi ndo vizuri.

Nguo ni mitumba. Miaka ile maduka ya nguo kuukuu ya San Francisco yalikuwa na magauni ya miaka ya 1920 na 1930 kwa bei ya kutupa, wao wakayazoa. Sisi wanaotafuta nguo za kuvaa kazini tunawahi asubuhi belo likifunguliwa, ila kwa shoo nenda jioni, ile saa wauzaji wamemwaga chini vilivyobaki na wanataka kurudi nyumbani. Utakuta gauni la harusi la mikono mikubwa, mapazia ya velveti, joho la mahafali, vitu hakuna anayevigusa. Usihangaike na saizi, pini zipo. Kitu kimoja tu usikipuuze: shona upya kwapani na kwenye zipu kwa uzi mara mbili, maana gauni kuukuu likichezewa linachanika hapo hapo, na mchezaji akianza kushikilia nguo kwa mkono shoo yake imekwisha.

Sasa glita. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu watu wanaumia. Nunua ile ya vipodozi, ile ya kazi za shule mara nyingi ina ncha kali na ikiingia jichoni inakwaruza. Siku moja kabla jaribu kidogo nyuma ya sikio uone kama ngozi inakubali. Kwenye ngozi paka Vaseline nyembamba sana, nyembamba mpaka usione inang'aa, alafu chukua glita kwa kidole na ubonyeze, usisugue, ukisugua inahama yote. Kwenye kope tumia gundi ya kope na ufumbe jicho mpaka ikauke. Ndevu zichane kwanza, weka jeli ya nywele, kisha mwenzako akunyunyizie kuanzia kidevuni kwenda juu huku umefunga mdomo na macho. Kutoa usikimbilie maji, maji yanaisambaza mpaka shingoni, anza na pamba yenye mafuta ya nazi, zilizobaki zinase na selotepu, sabuni iwe ya mwisho.

Kuhusu muziki na hadithi, watu wanafikiri Cockettes walikuwa fujo tupu. Shoo za mwanzo kweli walichanganya vipande vya filamu za Hollywood na nyimbo za zamani bila mpango, ila kundi lilikuwa na Scrumbly Koldewyn kwenye piano, mtu anayejua kutunga, na yeye na mwenzake Link Martin ndo waliotengeneza Pearls Over Shanghai mwaka 1970, muziki mpya kabisa wa kwao. Kwa hiyo hata kama wote mnabahatisha, mpate mmoja anayejua muziki sawasawa, wengine wote mtamuegemea. Ila kwenye hiyohiyo Pearls kuna kitu msiige: Wazungu waliojipaka na kucheza Wachina wa kwenye ndoto, tena ndani ya sinema ya filamu za Kichina, karibu kabisa na Chinatown, mtaa wa Wachina. Mimi nawapenda sana hawa watu lakini hilo siwatetei. Mcheke wenye nguvu, kama walivyofanya tarehe 12 Juni 1971, siku binti wa Rais Nixon anaolewa, wao jioni wakaonyesha filamu yao ya kuichekesha harusi hiyohiyo.

Hela iongeleeni kabla ya shoo ya kwanza na muandike. Hibiscus alitaka watu waingie bure, wengine wakataka tiketi maana wanaishi kwa nini, na wote walikuwa na hoja, mwisho akaondoka 1971 akaanzisha kundi jingine, Angels of Light, ambao shoo zao zilikuwa bure kabisa. Mkikubaliana mapema hamtapoteza mtu kama huyo.

Na msikimbilie kusafiri. Novemba 1971 waliitwa New York, Anderson Theater, usiku wa kwanza wamekaa humo mastaa kama mwanamuziki John Lennon, msanii Andy Warhol, mwigizaji Angela Lansbury, mji mzima unawasubiri, na ikawa aibu. Mapambo ya steji waliyoyazoea yalikuwa madogo kwa steji ile, siku za mazoezi zikaliwa na mialiko ya pati, na zaidi ya yote kule Palace watazamaji walikuwa wanakuja wamejipamba kama wachezaji wenyewe, wanajibu kutoka vitini, New York watu wakakaa wakisubiri kuburudishwa. Mwandishi Gore Vidal anatajwa kusema kukosa kipaji peke yake hakutoshi. Mkialikwa mbali, fikeni mapema mpime steji kwa hatua, na mpeleke hata watu wenu ishirini wa kukaa mbele.

Aliyetoka salama ni mwimbaji wao Sylvester, aliyekulia kwenye uimbaji wa injili kanisani Los Angeles, akajitenga na kundi hukohuko New York na mwaka 1978 akapiga You Make Me Feel (Mighty Real), disko iliyoenda dunia nzima. Na mkondo haukukatika: kundi la Hot Peaches wakaanza New York 1972, wakazunguka Ulaya, Bette Bourne wa London akajiunga nao kisha 1977 akaanzisha kundi lake Bloolips, nyuso nyeupe, viatu vya kugonga, mavazi ya vitu vya nyumbani. Kabla hamjaanza mazoezi itafuteni documentary ya Cockettes, ya David Weissman na Bill Weber ya 2002, muitazame wote pamoja, angalieni hasa mikono na nyuso zao wakati wanasubiri zamu.

Mwisho wekeni kumbukumbu. Hibiscus alikufa kwa UKIMWI 1982 akiwa na miaka 32, Sylvester 1988, na wengi wengine, tunawajua leo kwa sababu kuna waliopiga picha na waliobaki wakasimulia. Mchagueni mmoja awe wa picha tu, asicheze usiku huo, aandike majina ya wote na tarehe nyuma ya kila picha. Ila amuulize kila mtu kabla, stejini na nyuma ya steji, kwa sababu kwetu huku picha ya kaka yako kwenye gauni ikifika kazini au nyumbani inaweza kumfukuzisha, kwa hiyo anayesema hapana picha yake isipigwe, na anayesema ndiyo muulizeni tena kabla ya kuirusha mtandaoni.